Dedan na Mtu wa Mlangoni

Mtu asiyelalamika katika chumba cha walinzi ana lake. Hiyo ndiyo imani yangu na sijaiacha mpaka leo, ingawa imenitia aibu ambayo nitaieleza hapa.

Tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha makazi ya kampuni ya ulinzi, Al Thumama huko Ghuba, mahali ambapo ndege zinashuka karibu na paa mpaka unajua saa bila kutazama simu. Kulikuwa na mimi, Levis, mtu wa Vihiga. Kulikuwa na Fabian, Mganda wa Mbale, mdomo wake hauna breki. Na kulikuwa na Dedan, wa Nyahururu, ambaye alisema asante kwa kila kitu. Ukimpisha bafuni, asante. Basi la kampuni likituacha nusu saa kwenye jua la mwezi wa saba, dereva anafungua mlango hata haya hana, na Dedan anapanda akimwambia asante. Sasa mtu kama huyo utamweka wapi? Mimi nilimweka kwenye orodha ya washukiwa tangu wiki ya kwanza.

Nilimchunguza kama ninavyochunguza kila mtu. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mrefu, mabega mapana, uso wa mtu anayesubiri kuambiwa neno. Nyumbani alikuwa mwigizaji. Usidhani ni wa televisheni. Ni wale wanaozunguka shule za sekondari wakiigiza vitabu vya mtihani, watu wanane na gunia moja la mavazi, shule mbili kwa siku, jukwaa ni meza za bwalo zilizosukumwa pamoja na bado zinanuka maharagwe. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Na katika miaka hiyo yote hakupewa hata siku moja mhusika ambaye wanafunzi wangeulizwa habari zake kwenye mtihani. Alikuwa Askari wa Kwanza. Alikuwa Askari wa Pili. Alikuwa tarishi, alikuwa mlinzi wa lango la mfalme.

Korona ilipofunga shule, kundi likafa. Dedan akaenda kwa wakala wa kazi za Ghuba, akaulizwa ana uzoefu gani, akajibu kwamba amekuwa mlinzi miaka kumi na mmoja.

"Na sikudanganya," aliniambia siku moja tukipiga pasi sare. "Nimelinda wafalme saba, Levis. Wanne waliuawa, lakini hiyo ilikuwa kwa kitabu."

Yeye alicheka. Mimi nilisikia mtu akikiri kwamba ameghushi karatasi, nikaiweka akilini.

Tulifanya kazi hoteli moja, moja ya ile minara ya West Bay. Mimi nilikuwa kwenye kizuizi cha magari chini, Dedan mlango wa ukumbi mdogo wa ghorofa ya kwanza. Kila Jumamosi saa tisa mchana klabu fulani ya wapenda sinema ilikodi ukumbi ule kuonyesha filamu za zamani za Kimarekani, zile zisizo na rangi, wanaume wote wana kofia. Mwenye kuziandaa alikuwa Mkenya mwenzetu, dada wa ofisi anaitwa Melissa, mwenye nywele fupi na kadi ya kazi shingoni. Dedan alisimama mlangoni, akakagua tiketi, na taa zilipozimwa alibaki ndani, mgongo ukutani, kwa sababu utaratibu wa posti ile ni mlinzi awe upande wa ndani. Sikuona ajabu. Ajabu niliiona baadaye, alipoanza kuomba posti ile ile kila Jumamosi, hata Jumamosi ambayo ni siku yake ya mapumziko. Mlinzi anayeomba kufanya kazi siku ya mapumziko! Wewe ungelala usingizi?

Kisha mambo yakaanza kuvuja.

La kwanza lilikuwa jiko la umeme. Kupika chumbani ni marufuku, na kila chumba kinapika. Letu tulilificha ndani ya sanduku la Fabian, chini ya kitanda, chini ya mablanketi. Siku moja msimamizi wa makazi akaingia, hakusalimu, hakutazama kabatini, akainama moja kwa moja na kulivuta lile sanduku. La pili lilikuwa gari. Siku zake za mapumziko Fabian aliazima gari jeusi la rafiki na kupeleka watu uwanja wa ndege, kimyakimya, bila kibali. Akaitwa ofisini na kuonywa, na tarehe walikuwa nazo. La tatu lilinihusu mimi. Nilikuwa nimeomba kazi kampuni nyingine, na chumbani tu ndiko nilikosema. Siku ya nne supervaiza wetu, Bradley, akanisimamisha kwenye kizuizi mbele ya madereva.

"Nasikia unatuhama, Levis. Si ungeniambia tu? Mimi si mtu mbaya."

Hapo sikuhitaji ushahidi mwingine. Nilijua tuna mchongezi chumbani. Fabian hangejichongea mwenyewe, mimi najijua, na akabaki mmoja. Tena huyo mmoja alikuwa na daftari.

Lilikuwa jeusi, la ukubwa wa mkono, na alikuwa akiandika akifika tu, kabla hajavua viatu. Ukiingia analifunga. Ukimuuliza anasema, "Ni vitu vyangu tu," kisha anatabasamu. Nilimwambia Fabian atazame lile tabasamu. Fabian akatazama, akasema, "Banange, ni kweli, huyu muntu anacheka na meno bila macho." Hakuwa ameona lolote. Fabian hukubali kila kitu ukimwambia kwa sauti ya chini.

Ijumaa moja tulikuwa Mesaimeer, kwenye makanisa. Pale mlangoni unapekuliwa kabla ya kuingia, na sisi tunaopekua watu wiki nzima tunasimama kwenye foleni mikono juu kama wengine, kila mmoja akimkosoa mpekuzi moyoni. Baada ya ibada tukangoja basi kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na Dedan akanivuta kando. Macho yalimng'aa.

"Levis, nikuambie kitu. Melissa amenipea dakika kumi."

"Dakika kumi za nini?"

"Za kuongea. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kabla ya filamu. Mbele ya watu wote, kwa maikrofoni. Jina langu litakuwa kwa programu, limechapishwa."

"Utaongea nini wewe?"

"Kuna jamaa ninamfuata kwa hizo filamu. Nitakuonyesha siku moja." Akanishika kiwiko. "Unajua katika maisha yangu yote sijawahi kupanda jukwaani kama mimi? Siku zote nimekuwa nikifungulia mtu mwingine. Sasa nina dakika kumi. Wale wenzangu wa kundi nimewaahidi video. Mama yangu amenunua bando."

Ningekuwa mtu wa kawaida ningemkumbatia. Lakini mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba kuna jamaa anamfuata. Na nikajiuliza dada wa ofisi anampea mlinzi maikrofoni kwa ajili gani, kama si malipo ya kazi fulani. Nikamwambia hongera. Nilisikia jinsi lilivyotoka kavu, naye akalipokea kama maji.

Jumapili, Dedan akiwa bafuni, nikainua godoro lake na kulichukua lile daftari. Fabian alisimama mlangoni akikohoa, kwa maana tulikubaliana akohoe Dedan akija, lakini alianza kukohoa mapema kwa hofu na hakuacha. Nikasoma nikiwa nimechutama.

Lazima nieleze kitu kwa asiyejua kazi yetu. Kila posti ina kitabu cha matukio, sisi tunakiita OB. Saa upande wa kushoto, tukio upande wa kulia, sentensi fupi, hakuna maoni. Ukikaa kazini miaka mitatu hujui tena kuandika kwa namna nyingine. Mimi mwenyewe barua ya kumpa pole shangazi niliianza kwa saa na tarehe. Na daftari la Dedan lilikuwa OB, mwanzo hadi mwisho, kwa mwandiko safi wa kulazwa.

Jumamosi moja ilisema hivi:

1507. Mlinzi yuko posti. Bwana mnene ameingia kwa mlango wa nyuma na mkoba. Mlinzi ameangalia viatu kwanza, uso baadaye. Maneno: 0.

1531. Gari jeusi limesimama. Dereva hajazima injini. Mlinzi ameona. Maneno: 4.

1604. Bibi wa ghorofa ya tatu amelia kwenye ngazi. Mlinzi amempa leso, akageuza uso. Maneno: 2.

1620. Mlinzi ametoka. Hajarudi.

Nikaurudia mstari wa pili. Gari jeusi! Jumamosi ile ile Fabian alikuwa barabarani. Na yale maneno sifuri, maneno manne, maneno mawili, yalikuwa nini kama si idadi ya taarifa alizopeleka? Nikasoma ukurasa baada ya ukurasa, Jumamosi baada ya Jumamosi, milango, mikoba, wanawake kwenye lifti na waume wasio wao, na kila mahali yule mlinzi anaona, anaona, anaona. Nilisoma lote. Hakuna pahali palipotajwa filamu. Kwa nini ataje? Kwenye OB huandiki jina la hoteli, kila mtu anajua uko wapi.

"Anaandika wageni," nilimwambia Fabian. "Si sisi tu. Anaandika wageni wa hoteli."

"Sasa tufanye nini, ssebo?"

"Anayechongea na yeye achongewe."

Sikumuuliza Dedan. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alitoka bafuni na taulo begani, akanisalimu, na mimi nilikuwa na daftari lake ndani ya shati, likinigusa tumboni. Ningesema tu, Dedan, hii ni nini? Dakika moja ingetosha. Lakini mtu wa kushuku haulizi, kwa sababu jibu lolote utakalompa atalishuku pia.

Jumatatu asubuhi nikalipeleka kwa Bradley. Nilisema nimeliokota kazini. Bradley alilifungua, akakunja uso, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akanipa kitabu cha vitu vilivyookotwa nikaandika jina langu na kutia sahihi. Huo ndio utaratibu. Kabla ya saa sita meneja wa usalama wa hoteli alikuwa na daftari mezani, na Dedan akatolewa posti mbele ya wenzake, redio ikachukuliwa kiunoni mwake.

Alieleza. Bradley aliniambia baadaye, uso umemshuka. Dedan alifungua ukurasa mmoja mmoja akawatajia filamu, ya tarehe hii ni ile, ya tarehe hii ni ile, na Melissa akaletwa na ratiba yake, na kila saa ikalingana na filamu. Yule mlinzi anayeona hakuwa Dedan. Alikuwa mwigizaji aliyekufa zamani huko Marekani.

"Ni sinema tu, Levis," Bradley alisema. "Jamaa alikuwa anaandika sinema."

"Sasa si wamrudishe?"

"Hoteli imeshaona mlinzi ana kitabu chake binafsi kazini. Wanasema wageni wao ni watu wakubwa, hawataki hata harufu. Wameomba aondolewe hapa. Mimi nimepigana nikashindwa. Ataenda maghala ya njia ya Mesaieed, na haruhusiwi kukanyaga hoteli."

"Hata Jumamosi? Ana zile dakika kumi zake."

"Hasa Jumamosi."

Nilirudi kwenye kizuizi nikainua bomba la kufungia njia na kulishusha mchana kutwa. Bado nilijitetea. Nilijiambia hata kama ni sinema, basi jiko nani alilisema? Gari je? Barua yangu ya kuomba kazi je? Mchongezi yupo, na nani mwingine kama si yeye? Nilishikilia hapo kwa nguvu, kwa kuwa nikiachilia nitaanguka.

Dedan alifunga vitu vyake jioni ile. Makazi ya maghala yalikuwa mengine, mbali. Alikunja mashati yake manne taratibu, akaketi kwenye kitanda kisicho na shuka, akaniangalia. Fabian alijitia kulala, saa kumi na mbili jioni.

"Levis, nina ombi," alisema. "Melissa ameongea nao. Wamekubali maneno yangu yasomwe na mtu mwingine. Karatasi nimeshaandika. Nataka usome wewe."

"Mimi? Mimi sijui mambo ya sinema. Si Melissa mwenyewe asome?"

"Nataka wewe."

Nilimshuku hata hapo, Mungu anisamehe. Nilidhani ni mtego. Nikachukua zile karatasi kwa vidole viwili. Akanyanyua begi, akateremka ngazi. Gari la kampuni lilikuwa limeshapiga honi mara tatu.

Ukweli wa mchongezi niliupata Jumatano, na ni ukweli wa kijinga mpaka naona haya kuuandika. Nilikuwa nimelala na simu. Fabian alikuwa ameweka picha kwenye stetasi yake ya WhatsApp, kitanda kitupu cha Dedan, na maneno, "Tumebaki wawili, hewa safi sasa!" Haikupita saa moja, msimamizi wa makazi akaingia na mgeni mpya na godoro. Nikaketi wima.

"Fabian, nipe simu yako."

Nikafungua orodha ya waliotazama. Wa tatu kutoka juu alikuwa msimamizi wa makazi. Wa saba alikuwa Bradley.

"Hawa wana namba yako?"

"Kila mtu ana namba yangu. Mimi muntu wa watu."

"Siku ya jiko uliweka nini hapa?"

Akafikiri. "Samaki. Ile tilapia, ikiwa kwa jiko. Ilikuwa nzuri sana ile."

"Na gari?"

"Nilijipiga picha kwa usukani. Lakini nilivaa miwani!"

"Na mimi? Kazi yangu mpya?"

"Nilikuwekea hongera, ndugu yangu. Nilikutakia mema."

Nilitaka kumpiga, kisha nikaona hana kosa hata moja linalolingana na langu. Yeye alijichongea mwenyewe akidhani anafurahisha watu. Mimi nilimchongea mtu mwema akiwa bafuni. Nilibaki na hilo mpaka Jumamosi.

Ukumbi ulijaa. Wazungu wazee, Wahindi, vijana Waarabu wenye kanzu nyeupe kama karatasi, wauguzi Wakenya walioletwa na Melissa. Kwenye programu jina lilikuwepo: Dedan, na chini yake, kwa herufi ndogo, itasomwa na Levis. Nilipanda nikiwa na sare. Niliwaza kila mtu ananitazama na kusema, ndiye huyu. Nikasoma. Ilikuwa kwa Kiingereza, hapa naweka nilivyokielewa kwa lugha yangu.

"Jina lake ni Wendell Oakes," Dedan aliandika, "na kama umewahi kutazama filamu kumi za zamani, umewahi kumwona mara tatu bila kumwona. Alikuwa mtu mweusi, na enzi hizo huko Marekani mtu mweusi kwenye filamu alipewa mlango aushike. Alitoka mashambani Arkansas, akaenda Los Angeles, akawa mwendesha lifti ya hoteli. Mwongozaji mmoja wa filamu aliyekaa hoteli ile aliona jambo. Lifti ya Oakes ilisimama sawasawa na sakafu, kila safari, bila kurudi chini wala kupanda. Akamwambia, njoo ufanye hivyo hivyo mbele ya kamera. Akaenda na sare yake mwenyewe, kwa sababu studio haikuwa na iliyomtosha mabega."

Ukumbi ulicheka kidogo. Nikafungua ukurasa wa pili.

"Alicheza filamu themanini na saba katika miaka thelathini. Bawabu, mchukuzi wa treni, mlinzi wa benki, mhudumu wa korti. Jina lake liliandikwa mwishoni mara tisa tu. Mhusika wake hakuwahi kuwa na jina. Mimi nimeona filamu zake ishirini na mbili katika ukumbi huu nikiwa nimesimama mlangoni, na zilizobaki nimezitafuta kwenye simu. Nimehesabu maneno yote aliyosema. Ni mia sita na kumi na manne. Mengi ni 'Ndiyo, bwana'."

Hapo ndipo nilipoelewa zile sifuri na nne na mbili. Nikaacha kusoma. Melissa, aliyekaa mstari wa mbele, aliinua mkono kidogo kama anayeuliza kama niko sawa. Nikaendelea.

"Lakini tazama anachofanya. Anaangalia viatu kwanza, kisha uso. Hakuna mtu aliyemwambia afanye hivyo. Mimi ninajua kwa nini, na kila mlinzi wa mji huu anajua. Uso mtu huuandaa kabla hajafika mlangoni, viatu hawezi. Anaanza kufungua kabla mgeni hajanyoosha mkono. Na mgeni akiwa na siri, Oakes anageuza uso nusu, ili yule mtu apite na siri yake. Nyota wa filamu wanaingia na kutoka wakipiga kelele. Yeye anaona kila kitu na hamchongei mtu."

Hayo niliyasoma kwa sauti yangu mimi. Niliyasikia yakitoka kwenye spika nne za ukutani. Maneno mawili ya mwisho nikayarudia, na watu wakadhani narudia kwa msisitizo.

"Katika filamu mtakayoona leo, ya mwisho kwake, mlinzi anaitwa na polisi na kuulizwa alichoona. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini anaketi. Anaongea dakika mbili na kamera haisogei. Katika yale maneno mia sita na kumi na manne, mia mbili na sitini yako hapa. Baada ya hapo alirudi nyumbani akastaafu, hakupewa tuzo. Nilipomwona mara ya kwanza sikujua ni mwigizaji mkubwa. Nilidhani tu ni mwenzangu yuko zamu. Asanteni kwa kunisikiliza. Ningependa mgeuke, mmtazame mlinzi aliye mlangoni sasa, halafu mtazame filamu."

Waligeuka wote. Mlangoni alikuwa kijana wa Nepali aliyeletwa badala ya Dedan, na alishtuka, akanyooka, asijue afanye nini na mikono. Wakampigia makofi. Wakaendelea kupiga, na baadhi wakasimama, na mimi nikashuka jukwaani. Niliitazama filamu nikiwa nimesimama ukutani. Yule mzee aliketi, akavua kofia, akaongea. Nilihesabu maneno mpaka nikapoteza hesabu, machozi yananitoka kama mtu aliyefiwa.

Filamu ilipoisha Melissa akanishika mkono. "Umesoma vizuri sana. Dedan yuko wapi sasa hivi? Yuko sawa? Hivi waligundua ni nani alipeleka hilo daftari?"

Ningeweza kusema sijui. Mlango ulikuwa wazi.

"Ni mimi," nilimwambia.

Aliuachia mkono wangu. Akakusanya programu zake na kuondoka, na sikumlaumu.

Nikateremka mpaka mlango wa wafanyakazi, penye joto na mapipa, nikampigia Dedan. Zamu yake ya maghala ilikuwa imeisha hivi punde, nilisikia malori nyuma yake. Sikumsalimu.

"Dedan, daftari ni mimi nilichukua. Ni mimi nilipeleka kwa Bradley. Nilidhani wewe ndiye unatuchoma, kumbe ni Fabian na stetasi zake. Nimekuharibia. Nimekuharibia kabisa, na sina la kujitetea."

Lori likapita upande wake, ngurumo ikaisha.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Tangu Jumatatu. Nilipoitwa nithibitishe daftari ni langu, walinipea kitabu cha vitu vilivyookotwa nisaini. Sahihi yangu iko chini ya yako."

Niliegemea ukuta. Ulikuwa moto lakini sikutoka. "Ulijua, na bado ukanipatia mimi nisome? Kwa nini, Dedan?"

"Kwa sababu ulilisoma lote. Melissa alisoma kurasa tatu. Bradley mbili. Hata mimi sijawahi kulirudia mwanzo mpaka mwisho. Wewe ndiye mtu pekee duniani amemfuata huyo mzee filamu kwa filamu, hata kama ulikuwa unadhani ni mwizi. Ningempea nani mwingine?"

Nikakaa chini kando ya mapipa.

"Sijakusamehe, Levis," alisema, na alisema polepole ili nisikosee. "Hiyo tutaongea uso kwa uso, na nitakuambia vibaya. Lakini kwanza niambie. Walipiga makofi wapi?"

Nikamwambia. Akauliza waliogeuka ni wote au ni wa mbele tu. Nikamwambia ni wote. Akaniomba nianze upya, kutoka pale nilipopanda, na nisiruke kitu.